Barua ya Njau Ndani ya Biblia Yangu

Njau alikuja Mwihoko na fimbo, na barua ya kanisa kwa mfuko wa koti. Hakunitambua.

"Mzee," akaniambia, "nimehamia kwa binti yangu Wanja hapa Ruiru. Kanisa la Thika wamenitoa vizuri, soma mwenyewe."

"Mimi ni Kang'ethe," nikamwambia. "Yule wa mabati."

Akaniachia barua mkononi, akageuka na fimbo yake.

Miaka kumi na minne iliyopita Njau alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa kule Thika, na mimi fundi wa mawe niliyewajengea kanisa. Mabati kumi na mawili yakapotea. Njau akanisimamisha mbele ya watu, akasema nimeyauza Juja, akanipeleka benchi la nyuma, la waliotengwa. Kwetu, ibada ikiisha watu hupanga laini nje wakisalimiana kwa mkono, mpaka kila mtu ameshika kila mtu. Wa benchi la nyuma hashikwi, wala hali Meza ya Bwana. Nilipita mbele ya mikono mia mbili, yote mfukoni. Mwezi wa tatu baada ya hapo mke wangu Magdalene akafa, na Njau akakataza mzee yeyote kuja kaburini. Nilimwombea mwenyewe, udongo kwa vidole. Kisha nikatia patasi kwa gunia nikaenda zangu: Makuyu, Mwingi, Namanga, popote penye jiwe. Huku Mwihoko ndiko walinipa uenyekiti.

Sasa barua ilikuwa kwangu. Mtu si mshirika mpaka mwenyekiti asome barua yake kanisani na ampe mkono wa kwanza. Niliitia ndani ya Biblia, ikakaa. Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Njau aliketi nyuma kabisa, na laini ikipangwa alisimama kando kwa ukuta na fimbo yake. Nilikuwa nikifika nyumbani nakula githeri ya mahindi na maharagwe sahani mbili, kwa raha.

Alhamisi Wanja akanipata nikipiga lipu kanisani.

"Mzee, baba anapasuliwa Jumanne. Anataka Meza ya Bwana kabla. Hiyo barua imepotea?"

"Haijapotea."

"Basi ni nini?"

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Ameniambia ninyamaze. Mimi ndiye namuosha mgongo, mzee, mambo yenu ya zamani siyajui. Lakini Meza ni Jumapili hii, na ingine ni mpaka miezi mitatu."

Nikaamua nitaisoma, halafu nimsimamishe vile alinisimamisha. Nimuulize: Njau, mabati yalienda wapi? Asipojibu, arudi benchi akafe nalo.

Jumamosi nilikuwa nachonga jiwe la ngazi, nikiyapanga hayo maneno. Nikalipiga kwa hasira, likapasuka katikati. Kazi ya siku nzima. Nikakaa chini, nikamkumbuka Musa. Hiyo nimewahubiria wengine mara nyingi: aligonga mwamba kwa hasira, maji yakatoka, watu wakanywa na mifugo yao. Ila yeye hakuvuka kuingia Kanaani.

"Bwana," nikasema, "hata swali moja tu?"

Nikaokota vile vipande viwili, nikaviweka kando.

Jumapili nikaisoma barua. Nikasema, "Hii nimekaa nayo Jumapili tatu kwa kisasi. Njau hapa hana kosa. Mwenye kosa ni mimi." Nikampa mkono wa kwanza haraka, kama mtu anayeshika sufuria ya moto, nikaenda benchi la nyuma. Njau akala Meza. Mimi nikaangalia.

Ibada ilipoisha nikasimama pale kwa ukuta. Laini ikaanza, wakiimba. Njau akatoka kwa laini akanijia, mkono mbele. Nikaushika.

"Yale mabati," akasema polepole, "nilijua si wewe."

Miaka kumi na minne ikanipanda kifuani.

"Sema kwa sauti."

"Kang'ethe, Jumanne napasuliwa."

"Ndiyo sababu. Sema Magdalene asikie."

Akaangalia watu. Akaanza kuuvuta mkono wake. Mkono wangu ni wa patasi. Niliufunga, nikahisi mifupa yake ikisogea.

"Mzee," Wanja akasema, "unamuumiza."

Nikaangalia. Vidole vya Njau vilikuwa vyeupe kama chokaa. Nikaachilia kidole changu kimoja, nikaachilia kingine, na kila kimoja kilikuwa kizito kuliko jiwe la machimbo ya Juja. Si kwamba nilikuwa nimesamehe. Wanja akamchukua babake, wakaenda polepole.

Kumbe laini yote ilikuwa imemfuata. Ilikuwa imesimama mbele yangu mpaka langoni, wimbo umekatika, mikono yote nje, ikiningoja. Wangu ulikuwa umejikunja tena ngumi.

Nikaukunjua.