Isale Nyuma ya Zizi

Wifi yangu Penina alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimechoka kumtazama. Kila Jumapili alisimama nyuma ya kanisa letu la Akheri, mgongo ukutani, tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Nafasi kwenye mabenchi zilikuwa tele. Lakini mbao za mabenchi hayo zilitoka kwenye mti uliomuua mwanawe Eliamini, na yeye aliapa kwamba hayakalii.

Mti wenyewe ulikuwa mringaringa wa jirani yake Kaanaeli, aliyeutoa kwa kanisa. Siku ya kuukata, Kaanaeli alishika shoka, Eliamini akavuta kamba. Mvua ilikuwa inakuja, Kaanaeli akafanya haraka. Hakungoja kijana asogee. Bwana Shauri, yule Mwingereza wa mjini Arusha, alisikiliza mashahidi akasema ni ajali, shauri likaisha. Kwa Penina halikuisha.

Baada ya matanga Kaanaeli alifanya kama watu wetu wanavyofanya wakitaka kusamehewa. Alikata isale, mche ule wa majani marefu tunaoupanda mipakani, akafunga jani lake fundo, akaja nalo uani kwa Penina na kupiga magoti kwenye tope. Kwetu isale halikataliwi, hata na aliyefiwa. Penina alilikataa.

"Mimi nimebatizwa," alisema. "Mambo ya majani niliyaacha zamani. Ondoka."

Akalitupa nyuma ya zizi. Nilikasirika, maana dini ilikuwa imempa mahali pazuri pa kufichia chuki, na nani angethubutu kumwambia hivyo mama aliyetoka kuzika?

Akakonda. Alichuma kahawa peke yake, akalala bila kula, akalalamika kifua kinambana. Hospitali hawakuona kitu. Kila ilipokaribia Meza ya Bwana alikwenda Jumamosi kujiandikisha kwa mchungaji kama sisi wote, na mchungaji alimwuliza swali analomwuliza kila mtu: "Umepatana na watu wote?" Penina hakuweza kusema uongo. Alirudi nyumbani bila kuandikwa, na asiyeandikwa hapewi mkate wa Meza.

"Mungu ananionea," aliniambia. "Amemchukua mwanangu, sasa ananinyima na mkate."

Msimu mwingine wa kahawa ulipofika nilikwenda kumsaidia kubeba samadi. Nyuma ya zizi tukalikuta isale limeota. Lilikuwa limesimama wima, majani mabichi kabisa, na lile jani la zamani lenye fundo limekauka likining'inia chini. Nilidhani Penina atalikanyaga. Badala yake alikaa pale pale kwenye samadi akalia, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.

"Nimeomba Mungu aniondolee maumivu haya," alisema. "Hayaondoki, wifi. Eliamini ataniuma mpaka nife, na labda ndivyo inavyotakiwa. Lakini hii kazi nyingine ya kumchukia mtu siiwezi tena. Nimechoka."

Akachukua panga, akalikata isale, akafunga fundo jani bichi, akashika njia. Nikamfuata na mikono yangu ya samadi.

Kaanaeli alikuwa uani akianika kahawa. Alipomwona Penina anapiga magoti alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Mama Eliamini, inuka! Mimi ndiye niliyekosa. Siwezi kulipokea."

"Nimekuombea mabaya, Baba Ruth, nikiwa nimepiga magoti hivi hivi. Nisamehe. Na mimi nimekusamehe."

"Siwezi, mama."

"Isale halikataliwi. Mimi nililikataa, angalia nilivyokonda."

Kaanaeli akalipokea kwa mikono miwili. Mkewe akatuletea maji ya kunawa.

Jumapili ya Meza ya Bwana nilikuwa nimeshakaa wimbo wa kwanza ulipoanza. Nikahisi mtu amesimama kando yangu. Penina aliinama akapitisha kiganja juu ya ubao, polepole, kama alivyokuwa akimpapasa Eliamini mgongo alipokuwa na homa.

"Sogea, wifi," alisema. "Miguu inaniuma."