Kiti cha Katikati

Mezani, mhudumu alikaa katikati siku zote. Kulia kwake alikaa Fundi, bibi aliyekuwa mshonaji kabla ya kupooza mkono mmoja, ambaye wanawe walishaacha kuja kumwona. Kushoto alikaa Dereva, mzee aliyewahi kuendesha malori, kisha akalala miaka mingi kwenye vibaraza vya maduka kabla ya kuletwa katika nyumba hii ya matunzo. Macho yake sasa yaliona vivuli tu.

Mhudumu alimfunga Fundi vifungo vya sweta, kisha akamwonyesha Dereva kikombe kilipo. Wazee hao wawili hawakusemeshana wenyewe kwa wenyewe. Kila kitu kilipitia kwake.

"Dada," Fundi alisema, "mwambie jirani yako apulize chai polepole. Hatuko kwa mhunzi."

"Mwambie na yeye masikio yake ayape likizo."

Naye alifikisha, huku akicheka.

Sasa alikuwa anahamishiwa nyumba nyingine, kuanzia Jumatatu. Msimamizi alimuuliza, "Wale wazee wako watabaki na nani?" Walimwamini yeye peke yake, kila mmoja kwa upande wake.

Asubuhi iliyofuata, kabla hajafunga kifungo hata kimoja, aliinuka. "Naenda jikoni mara moja."

Akasimama nyuma ya mlango ulio wazi kidogo.

Chai ilipoa. Upepo uliingia dirishani, Fundi akaivuta sweta kwa mkono mmoja, ikamponyoka. Akaivuta tena. Mhudumu alishika kitasa, akakiachia.

"Dereva," Fundi akaita. "Upo?"

"Niende wapi, na gari sina?"

"Baridi inaniingia. Wewe mikono unayo."

"Macho sina."

"Macho ninayo mimi. Sogea."

Kiti kikaburuzwa.

"Shuka kidogo. Siyo hapo, hiyo shingo yangu!"

"Vumilia, mama. Barabara hii haina taa."

Fundi akacheka hadi akakohoa. Mhudumu hakuwahi kumsikia akicheka hivyo.

"Haya, na chai yangu iko wapi?" Dereva akauliza.

"Kulia. Mbele. Mbele tena. Breki!"

Mhudumu aliporudi, vifungo vilikuwa vimekwenda upande, ncha moja ya kola inagusa sikio. Na huyu ndiye Fundi aliyekuwa akiwagombeza watu kwa uzi mmoja uliolegea. Vidole vya mhudumu vikamwasha. Akanyoosha mkono.

"Acha, dada," Fundi akasema. "Imekaa vizuri."

Kiti cha katikati kilikuwa kimesukumwa ukutani. Mhudumu hakukirudisha. Alichukua birika, akawaongezea chai ya moto akiwa amesimama.

Dereva akapuliza, meza nzima ikasikia.

Mhudumu akasubiri kutumwa. Lakini Fundi alikuwa ameshamgeukia Dereva.

"Wewe mzee," akamwambia, "hatuko kwa mhunzi."