Kuungama kwa Mogire

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa ovaroli, Mogire alijifunga kifua kwa kipande cha leso ya mkewe. Alikikaza mpaka pumzi ikawa fupi, akaficha fundo chini ya kwapa, ndipo akavaa shati. Jua la Awendo halimhurumii mtu aliyefungwa hivyo. Kufikia saa nne kitambaa kilikuwa kimelowa jasho na dawa ya magugu iliyovuja kutoka kwenye pampu ya mgongoni, kikanuka kama panya aliyefia ndani ya gunia la sukari.

Matiti yalikuwa yameanza kama vifundo vya maumivu, mwaka wa pili wa kazi ya kunyunyiza. Baadaye yakajaa. Tumbo likafuata, na mashavu, na nyama laini ya kiunoni iliyotikisika alipotembea katikati ya miwa. Ndevu zilikuwa zimepukutika, zikabaki vinyweleo vya hapa na pale. Akioga, alijisugua haraka huku ameangalia ukuta, kama mtu anayeosha maiti asiyoijua.

Saa saba pikapu ya mwajiri wao, Mayaka, ilifika na chakula. Kilikuja ndani ya ndoo nyeupe, zile zile zilizoleta dawa shambani. Nyapara Obare alikuwa akizisuuza mtaroni, na kila siku aliapa kwamba zimetakata. Viazi vilimiminwa humo vikiwa bado vinachemka mafuta, mafuta meusi yaliyokaangiwa wiki nzima, kisha kifuniko kikabanwa. Kilipofunguliwa, mvuke ulitoka na harufu ya plastiki iliyolainika. Juu ya viazi zililala soseji nyekundu zilizotokwa na majimaji. Soda ilikuwa ya bure, kila mtu anywe atakavyo. Wanaume walichota kwa mikono ile ile iliyoshika bomba, kwa kuwa maji ya kunawa hayakuwemo katika pikapu.

Mogire alikula. Ulimi ulihisi utando, kama amelamba mshumaa. Alimeza, akateremsha kwa soda, akaongeza.

Siku pampu ilipopasuka, alikuwa katikati ya shamba. Dawa ilimmwagikia kuanzia shingoni hadi ndani ya gambuti. Obare alikuja mbio na debe la maji, na hapo hakukosea: alimmwagia, akamvua ovaroli na shati lililoganda mwilini. Fundo la leso likafunguka.

Mwanamume mmoja akasema, "Omera, ndugu, kumbe huyu ananyonyesha," na kicheko kikapasuka mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye miwa.

Monari, jirani yake Mogire, hakucheka. Alivuta zipu ya ovaroli yake hadi shingoni, akageuka akaenda zake.

Jioni Phelesia, mkewe, alimkuta ameketi nyuma ya nyumba, shati limelowa, hataki kuingia.

"Baba Lynnet, habari imefika hapa kabla yako," alisema. "Ingia ule."

"Wewe hunionei kinyaa?"

"Mimi ndiye nimekuwa nikifua hizo leso. Ulidhani sijui?" Akaketi kando yake. "Kesho twende Homa Bay. Huko hakuna anayetujua."

Daktari waliyempata hospitalini aliitwa Helen, mwanamke wa makamo aliyeonekana hajalala vizuri. Alimpima, akamminya kifua taratibu, akauliza anafanya kazi gani na anakula nini. Hakucheka. Hilo peke yake lilitosha kumlegeza Mogire. Alieleza yote, hadi ndoo.

"Mwili unaendeshwa na homoni," daktari alisema. "Ni maagizo yanayopita ndani ya damu: nenepa, konda, ota ndevu. Kuna kemikali zinazojifanya maagizo hayo, na mwili unatii. Hayo mafuta na sukari nayo yanaongeza, maana unene wenyewe unaweza kuzidisha homoni za kike. Sitakudanganya kwamba nimejua ni kipi hasa. Inaweza kuwa ini, inaweza kuwa kitu kingine. Lazima tupime damu. Na nataka jina la hiyo dawa."

"Haina jina. Karatasi hubanduliwa. Huja usiku kutoka upande wa mpakani."

Daktari aliweka kalamu chini. "Basi muulize mwenye nayo. Wakati huo usinyunyize, na hicho chakula cha ndoo usile. Kula samaki, mboga, ugali wa kiasi."

"Nikiacha kunyunyiza, huo ugali utatoka wapi?"

Daktari alimtazama Phelesia, kisha dirisha. Nje foleni ilikuwa imezunguka jengo. "Sina dawa ya hilo," alisema.

Jumatano Mogire alikwenda nyumbani kwa Mayaka. Walitoka kijiji kimoja huko Nyamira, na Mayaka ndiye aliyemleta Awendo, akampa kazi, akamwonyesha kanisa la Wasabato. Sasa alikuwa mzee wa kanisa hilo, na kandarasi ya kunyunyizia mashamba ya miwa ya eneo zima ilikuwa mikononi mwake. Alimkuta mezani na mkewe Bathsheba, mbele yao sahani ya mboga ya chinsaga iliyochemshwa kwa maziwa, na ndizi mbivu.

"Karibu, ndugu. Ningekukaribisha kwa mboga lakini ni hizi kidogo tu," alisema Mayaka. "Ni za bustani yangu mwenyewe. Hapo sijawahi kuruhusu dawa iguse. Siku hizi ukinunua sokoni hujui unakula nini."

Mogire alibaki amesimama. Aliona majani yalivyokuwa kijani kibichi, akameza mate, akaona aibu kwa kuyameza. Alieleza alivyoambiwa na daktari. Aliomba jina la dawa, na kazi nyingine, hata ya kukata miwa.

Mayaka alitafuna polepole, akafuta midomo kwa leso nyeupe.

"Tuna watu wengi pale shambani, Mogire. Mbona wengine hawajaota matiti?"

"Monari naye, mzee, nafikiri..."

"Monari hajalalamika." Akasukuma sahani. "Nikuambie kama ndugu. Mwili ni hekalu la Roho. Hekalu likiharibika, tunauliza mlangoni limeingia nini. Wewe ulioa Karungu, kwa watu wa ziwa. Wale hawachagui samaki. Mumi wanakula, kamongo wanakula, chochote kinachotambaa matopeni bila magamba. Umetia najisi tumboni, leo unataka kuita watu wa serikali waje kwangu."

"Sijasema serikali, mzee."

"Daktari akiandika jina la dawa, anamwandikia nani?"

Bathsheba alianza kukusanya sahani. Mogire aliitazama sakafu iliyong'aa, na alama za gambuti zake juu yake.

"Sabato hii ni Sabato ya Afya," Mayaka aliendelea kwa sauti laini. "Uje mbele uungame. Watu wakuombee. Jumatatu nitakuwekea pampu mpya, isiyovuja."

"Niungame nini?"

"Ulichokula."

"Mimi hula chakula cha pikapu yako, mzee."

Bathsheba alisimama na sahani mkononi. Nzi alitembea juu ya ndizi.

"Ulichokula nyumbani kwako," Mayaka alisema. "Na ile nyumba ya kambi unamoishi nimewaahidi watu wengine, kama hutaki kazi. Fikiria."

Mogire hakumwambia Phelesia. Alimwambia tu kwamba mzee ameahidi pampu mpya. Phelesia alifurahi nusu, kisha akafanya alivyoweza: mamake alikuwa amemtumia ngege wabichi, samaki wa magamba, kutoka Karungu, naye Ijumaa kabla jua halijatua aliwapika wote, na mboga pembeni, bila mafuta ya kukaanga. Mlo wa Sabato ulikuwa wa pamoja, kila familia ilileta sufuria yake. "Daktari alisema samaki," alimwambia Mogire huku akifunga kifuniko kwa kitambaa safi. "Nawe utakula mbele ya watu chakula kinachokufaa, usione haya."

Kanisani Mayaka alihubiri kuhusu ulafi. Alieleza vizuri, kwa mifano, hata Mogire mwenyewe alijikuta akiitikia kwa kichwa. Kisha akaitwa. Alitembea mbele akiwa amefungwa kifua chini ya shati la kwenda ibadani, na macho yote yalikwenda pale pale.

"Ndugu Mogire ana neno," Mayaka alisema, akampa kipaza sauti.

Kipaza sauti kilikuwa na unyevu wa mate. Mogire aliwaona wanaume wa shambani kwenye viti vya nyuma, Monari akiwa amevaa koti zito katika joto lile. Alimwona Phelesia, amempakata binti yao Lynnet, akimtikisia kichwa kumpa moyo. Alidhani mumewe anakwenda kuomba maombi ya ugonjwa.

"Nimekula kitu najisi," Mogire alisema. "Nimekula mumi. Nyumbani kwangu. Kwa muda mrefu."

"Nani alikupikia?" Mayaka aliuliza kwa upole.

Kipaza sauti kilikoroma.

"Mke wangu."

Kanisa likaguna. Kisha mtu akasema amina, na wengine wakafuata, ikawa amina ndefu ya kupokea mtu aliyerudi. Mayaka alimwekea mkono begani. Phelesia hakuinamisha kichwa. Alimtazama mumewe moja kwa moja, na uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka ni wapi aliwahi kumwona mtu huyu.

Baada ya ibada meza zilipangwa chini ya turubai. Mwenye siku alikuwa Mayaka, kwa hiyo pikapu ilirudi nyuma mpaka karibu na mlango wa kanisa, na viazi vikashushwa, na soseji, na kreti za soda. Watoto walishangilia. Phelesia alileta sufuria yake, akaiweka mezani pamoja na za wenzake, akafungua kitambaa. Ngege walikuwa wazima, vichwa na mikia yao, na hakuna mtu aliyekulia upande ule wa nchi ambaye angewadhania samaki wengine.

Bathsheba alifunika tena.

"Ni ngege," Phelesia alisema. "Mama, mwenyewe unaona."

"Naona, binti yangu. Lakini sufuria ni ile ile."

Akaibeba kwa vidole viwili, kwa mkono mwingine amelivuta gauni lake pembeni, akaiweka chini karibu na choo. Wanawake wakasogeza sufuria zao ili pengo lisionekane.

Phelesia alimfuata Mogire alipokuwa amesimama. "Hujawahi kuonja mumi maishani mwako," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Mayaka alikuwa anakuja na sahani mkononi, imejaa mpaka mafuta yanadondoka pembeni. Phelesia alimshika Lynnet mkono, wakaenda hadi pale karibu na choo. Alitandika leso chini, akaketi, akafungua sufuria, akaanza kumtolea mtoto miiba, akimlisha mbele ya kanisa zima.

"Kula, ndugu," Mayaka alisema. "Umesafishwa."

Kiazi kilikuwa moto, na ndani yake kulikuwa na ile ladha ya plastiki. Mogire alitafuna. Wanaume wa shambani walisimama wakimtazama, sahani zao mikononi, kana kwamba wanangoja waone kama atameza. Akameza. Tonge la pili lilikataa kushuka. Likapanda na mafuta yakamtoka pembeni mwa mdomo, yakateremka kwenye kidevu kisicho na ndevu. Mayaka alitoa leso yake nyeupe, akamshika shingo kwa nyuma, akampangusa taratibu, vile mtu anavyompangusa mtoto mchanga aliyecheua.

"Ongezeni huyu," akawaambia wanawake. "Jumatatu ana kazi."