Dakika Saba kwa Miguu

Kibao kile nilikifunga mwenyewe, kwa bisibisi ya kuazima. Kipo kituoni, kwenye lile eneo jipya la biashara la Kibaha, kati ya Mkuza na Kongowe. Rangi ya bluu, mtu mweupe anatembea, na chini yake maneno: KLINIKI YA MACHO, DAKIKA 7 KWA MIGUU. Kimenyooka vizuri kabisa. Ningekuwa na ujasiri ningekwenda kuking'oa, lakini ujasiri ndicho kitu nilichokosa katika habari hii yote.

Jina langu Halidi. Nilikuwa mpimaji wa muda katika mradi ulioletwa ili watu waweze kutembea katika eneo lile bila kupotea na bila kugongwa. Usicheke. Eneo lenyewe lilichorwa na watu ambao, nina hakika, hawajawahi kwenda dukani kwa miguu. Maduka yamejificha nyuma ya maegesho. Njia ya waenda kwa miguu ipo, lakini imeegeshwa magari, na yanapoishia magari unaanza mtaro wa kumzamisha mtu mzima. Benki unaiona, mlango wake huuoni mpaka uzunguke sheli. Katikati ya yote hayo imepita barabara kuu yenye njia sita, na kituo kiko upande mmoja, kliniki upande wa pili.

Mwanzoni tuliandika mpango wa maana. Taa za kuvukia, zebra mbili, kingo za kuzuia magari yasipande kwa watembeao. Mpango ukapanda ofisi baada ya ofisi, kila ofisi ikachomoa kitu chake, ukaturudia umebaki vibao thelathini na vinne. Zebra, tuliambiwa, zitapakwa awamu ya pili. Msimamizi wangu, Godbless, mtu mpole asiyegombana na mtu yeyote aliye juu yake, akasema tushukuru.

"Kibao nacho ni kitu, Halidi. Mtu akijua ni dakika saba tu, atatembea."

Dakika hizo nilizipima mimi. Tulipima Jumapili, saa moja asubuhi, kwa sababu Godbless alisema siku za kazi magari yanatuharibia kipimo. Nikaanzia kituoni, nikavuka barabara nzima pasipo gari hata moja, nikapenya kwenye uwazi wa ukuta wa katikati, nikatokea getini kwa kliniki. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na viatu vya mpira. Simu ikasoma dakika sita na sekunde hamsini. Nikamuuliza Godbless kama tusiongeze muda wa kusubiri kuvuka, maana Jumatatu mtu hawezi kupita vile.

"Tuongeze ngapi? Nani anajua?" akasema. "Kibao kinataka namba moja, na iwe ndogo."

Nikaandika saba. Sikushurutishwa. Nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu na nilitaka uongezwe, basi.

Sasa mama yangu. Anaitwa Tatu, anaishi Mzenga, Kisarawe, na dada yangu Rahma. Mwaka ule presha ya macho ilikuwa imeshamla pembeni. Kilicho mbele yake alikiona, hata maandishi ya pakiti ya dawa alisoma, maana kusoma alijifunza ukubwani na alijivunia kuliko shamba lake. Kilicho kulia na kushoto hakikuwepo kabisa. Alikuwa akiiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Pale kliniki alikuwa akija daktari bingwa mara moja kwa miezi mitatu, anafanya operesheni kumi na mbili, anaondoka. Mama alikuwa wa kumi na mbili. Operesheni isingemrudishia alichopoteza, ingemwachia alichobakiwa nacho. Alitakiwa awe amefika getini kabla ya saa tatu, Jumatatu.

Na Jumatatu hiyohiyo ndiyo tuliyokuwa tunakabidhi mradi. Turubai, viti vya kuvishwa vitambaa, mgeni wa heshima, na mimi nimevaa fulana yenye yule mtu mweupe kifuani, nimeshika ramani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimpigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Rahma atanipandisha gari hapa, mtoto wake anaumwa, hawezi kuja. Nikishuka nipande pikipiki?"

"Unaziogopa pikipiki."

"Naziogopa, lakini nitapanda, nitafumba macho."

"Usipande. Ukishuka utakuta kibao cha bluu mbele yako, nimekiweka mimi. Ni dakika saba kwa miguu. Fuata vibao tu."

"Umekiandika wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Alicheka kwa furaha. Kicheko kile nakisikia hadi leo, na kila nikikisikia natamani ardhi inimeze.

Yaliyofuata alinisimulia jioni, kwangu Mkuza, amekaa kitandani hajavua hata mtandio. Alishuka saa mbili na dakika kumi. Akakiona kibao, akakisoma kwa sauti, na abiria aliyeshuka naye akamwambia ni kweli, kliniki ile pale. Akasogea ukingoni mwa barabara. Hapo ndipo dakika saba zilipoishia. Magari hayakuwa yanakuja, kwa macho yake; yalikuwa yanatokea tu puani, kama yamezaliwa palepale, yanapotea. Akageuza kichwa kulia mpaka shingo ikauma, akaona peupe, akageuza kushoto, na alipokwisha kugeuka, kulia kulikuwa kumeshajaa. Alishusha mguu mara nne, na mara nne akaurudisha.

"Kijana mmoja wa pikipiki alinihurumia," alisema. "Akaniambia, 'Bi mkubwa, panda nikuzungushe, utasimama hapo mpaka adhuhuri.' Nikamwambia mwanangu ameandika dakika saba. Akanitazama, akaenda zake."

"Mbona hukunipigia, mama?"

"Nilikupigia. Mara mbili."

Nilikuwa nimeizima sauti ya simu, kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa anahutubia. Alikuwa anaeleza faida za kutembea kwa miguu. Nilipiga makofi.

Mwishowe mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alimshika mkono, wakavuka nusu, wakakwama katikati kwenye ukuta, wakavuka nusu nyingine. Alifika getini saa tatu na dakika tano. Muuguzi, binti mwenye adabu zake, alimwambia kuwa nafasi yake amepewa mgonjwa wa akiba na daktari ameshaingia ndani. Akaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam, tarehe ya wiki kumi mbele.

"Usimlaumu yule binti," mama aliniambia. "Ni mimi niliyezubaa. Wenzangu wanakwenda kwa dakika saba, mimi nimetumia saa nzima. Uzee, baba."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: mama, tulipima Jumapili. Nikamuuliza kama atakula wali au ugali.

Wiki ya nane Rahma alinipigia mchana, sauti imemkauka. "Kaka, mama ananiuliza kwa nini leo hatujafungua madirisha." Nikamuuliza kama yamefunguliwa. Akasema yamefunguliwa tangu asubuhi. Tukabaki tunasikilizana tunavyolia.

Dar tulikwenda siku hiyohiyo bila kungoja tarehe. Daktari alimmulika, akazima tochi, akakaa. Alisema mshipa wa jicho ukifa haufufuki. Aliponiita pembeni alisema kwamba ile operesheni ya kwanza ingewahiwa, kile kidogo kingebaki. Hakujua anamwambia nani.

Nilirudi kwa Godbless. Mkataba wangu ulikuwa umeisha na hawakuuongeza, ila ofisini walikuwa bado wananiitikia salamu. Nikamwomba abadilishe namba. Nilikuwa nimekwenda kupima Jumatatu tatu mfululizo, nikitembea kwa mwendo wa mama, nikisubiri panapomtosha mtu kama yeye kuvuka. Ndogo kuliko zote ilikuwa dakika thelathini na nane.

"Mradi umefungwa, Halidi. Picha za vibao zimeshatumwa, zimo kwenye ripoti."

"Basi kitolewe."

"Kikitolewa vinabaki thelathini na vitatu. Nitaeleza nini?" Alinitazama kwa huruma ya kweli, na hilo lilinikasirisha zaidi. "Na ukiandika thelathini na nane, kaka, nani atatembea?"

Nilikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia kuwa hakuna atakayetembea, watapanda pikipiki, na wote watafika. Nikameza. Nimeshazoea kumeza.

Mama sasa anakaa kwangu. Mzenga hawezi tena, kisima kiko mbali na Rahma ana watoto watatu. Anajua kuta zote za chumba chake, anajua sauti ya kila jirani, na jambo moja tu ndilo lililokuwa likimnyima raha. Alilirudia kila siku kwa miezi miwili: anataka kuipita ile njia tena, ajue alikosea wapi.

"Nipeleke, baba. Roho yangu itulie."

Nilijua kitu cha kumpa. Jumatatu moja tu, saa mbili na dakika kumi, ningemshika mkono pale ukingoni, akasikia kwa masikio yake malori yanavyopita, akasubiri pamoja nami mpaka miguu imuume, akajua kwamba hakuwa mzembe, kwamba aliongopewa, na nani alimwongopea. Angenichukia labda. Labda asingenichukia, na hilo niliogopa vilevile.

Nikampeleka Jumapili.

Tulifika saa moja asubuhi; siku sikumtajia, naye hakuuliza. Nikamweka mbele ya kibao, akanyoosha mkono, akapapasa nguzo, akapapasa bati, akatabasamu. "Kimeshika," alisema. Akaniambia nitazame saa. Tukaanza. Barabara ilikuwa tupu kama siku ile, upepo tu na pikipiki moja mbali kuelekea Kongowe. Mkono wake ulikuwa umenishika kwa nguvu, akijiandaa kukwama, na hakukwama popote. Katikati, penye uwazi wa ukuta, alisimama akategesha sikio.

"Kimya," alisema. "Au na ile siku kulikuwa kimya hivi, mimi tu ndiye niliyeona magari?"

"Magari yapo, mama," nikasema. "Yako mbali."

Tukavuka nusu ya pili. Tukapita maegesho matupu. Tulipofika getini mlinzi alitusalimia, na mama, kabla hata ya kumwitikia, akamwomba amtajie saa. Mlinzi akatazama saa yake ya mkononi. Kisha mama akaniuliza tulianza saa ngapi, nikamwambia, akahesabu kwa vidole.

"Dakika kumi," alisema. "Na mimi kipofu, na tumekwenda polepole." Akavuta pumzi ndefu, mabega yakamshuka. "Umeona sasa? Kibao chako kiko sawa. Macho yangu niliyaua mwenyewe kwa woga."

Nilimshika mkono. Ulikuwa umelegea kabisa, kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Usimwambie Rahma," akasema. "Ataniona mjinga."

"Simwambii, mama," nikasema, tukarudi kwa njia ileile.