Pembe Nne za Kiberiti

Kaltumi alizaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka thelathini na mmoja aliijua dunia kwa vidole, masikio na pua. Alisuka makawa ya kufunikia chakula, na mdogo wake Mubaraka akayauza sokoni Nakawa. Basi mwaka 1994 daktari aliposema jicho la kulia linaweza kupasuliwa, Kaltumi alidhani ni kama kufungua dirisha: ukishafungua, unaona.

Siku bendeji ilipotolewa, Mubaraka alisimama kando ya kitanda, pumzi ameibana.

Mwanga ulimwingia Kaltumi kama maji puani. Mbele yake vitu vilitikisika, vimeshikana, havina mwanzo wala mwisho.

"Waniona, dada?"

Sauti ilitoka mahali fulani ndani ya vile vitu. "Nakusikia," Kaltumi akajibu.

Siku ya tatu akapewa miwani mizito. Nesi Lakot akaweka mezani kikombe cha bati na kiberiti. "Usiguse. Kikombe ni kipi?"

Vyote viwili Kaltumi alikuwa amevishika tangu utotoni. Alikodoa jicho mpaka likatoa machozi.

"Hiki," akaonyesha.

Kilikuwa kiberiti. Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Kaltumi akageukia ukuta.

"Mubaraka, nilikuwa kipofu mwenye akili zangu. Leo nimekuwa mjinga mwenye macho. Waambie wanirudishie bendeji."

Lakot akaketi kitandani.

"Jicho lako ni mtoto mchanga," alisema, "lakini wewe mwenyewe ni mtu mzima. Hebu niambie, kiberiti mkononi kikoje?"

"Kina pembe. Kidole kinatembea, kinafika mwisho, kinageuka."

"Mara ngapi?"

"Nne."

"Na mdomo wa kikombe?"

"Hapo hakuna pa kugeukia. Kidole kinazunguka tu mpaka kichoke."

Kisha akaigeukia tena meza, polepole. Safari hii hakujaribu kukiona kitu kizima. Alishika ukingo mmoja kwa jicho, akaufuata kama ambavyo kidole kingeufuata, kichwa kikisogea nao. Ukingo ukakatika. Akageuka. Ukakatika tena.

"Mbili," alinong'ona. "Tatu... Nne! Hiki ndicho kiberiti!"

Akanyoosha mkono ahakikishe, mkono ukakosea njia, kikombe kikaanguka sakafuni kwa kishindo. Wodi nzima ikacheka, na yeye akacheka kuwashinda wote.

Nyumbani aliendelea vivyo hivyo. Alitazama, akakisia, akagusa, akatazama tena. Sufuria, mlango, kuku, ngazi. Nyuso ndizo zilizomshinda, maana uso hauna pembe za kuhesabu.

Alasiri moja Mubaraka alirudi kutoka sokoni, akasimama mlangoni bila salamu. Kaltumi akainua kichwa. Katika ule uso kitu kilifunguka, na midomo yake mwenyewe ikatanuka kabla hajajua kwa nini.

"Unatabasamu," alisema.

"Yarabi! Nani amekufundisha hilo?"

"Hakuna." Kaltumi akajigusa midomo kwa mshangao. "Mdomo wangu umejua kabla yangu. Njoo karibu, Mubaraka, simama hapa penye mwanga. Nataka nikutazame vizuri."