Benchi la Akina Baba

Chumba cha kufungia vidonda cha kituo cha afya kilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani, na kila mtu aliifuata: mtoto akiletwa ameumia, mwanamume hutoka nje. Awe baba, mjomba au babu mwenye mkongojo, atakwenda kukaa kwenye benchi la koridoni, mlango utafungwa, na mama atabaki amemshika mtoto mkono ili mtoto aulizwe maswali bila woga. Sista, muuguzi wa chumba hicho, ndiye aliyeianzisha sheria hiyo miaka sita nyuma, na aliionea fahari.

Asubuhi hiyo aliyetolewa alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache, ameitwa kutoka kazini, kandambili zimeganda saruji. Alitoka bila kubisha, kama alivyotoka mara tatu zilizotangulia. Sista alimsindikiza kwa jicho baya. Moyoni alishamhukumu zamani, ila mtoto hakuwahi kusema neno na mama hakutaka mambo yafike mbali, kwa hiyo mara zote tatu daftarini aliandika "ajali".

Kitandani alilala kifudifudi binti wa mwashi, miaka saba. Mtaani walimwita Chiriku, maana alipokuwa mdogo zaidi alisema tangu macheo hadi usingizi umkate kauli. Siku hizi lilibaki jina tu. Nyuma ya paja alikuwa na alama ya pasi, ncha na kingo zote zikionekana, kama muhuri.

"Ameiangukia, Sista. Mtoto hatulii huyu!" alisema mama yake huku akimpapasa nywele.

Huyo alikuwa Mama Cherehani, na nani asiyemjua? Sare zote za kituo alizishona yeye, hata hii aliyovaa Sista, na hakuna aliyechukua nguo kwake bila kuvunjwa mbavu kwanza.

"Juzi nimemwambia Matroni, ukizidi kunenepa nitakushonea pazia."

Sista alicheka, mikono ikiendelea kusafisha kidonda. Lakini akili yake ilikuwa kwenye paja. Mtu huangukia pasi kwa nyuma vipi? Akauliza swali lake la siku zote, kwa sauti ya taratibu. "Chiriku, mwanangu, nyumbani kuna mwanamume anayekuumiza?"

 Mtoto aliutazama mkono wa mama yake, ulioshika wake.

"Mwambie Sista, mama," Mama Cherehani alimbembeleza, kisha akashusha pumzi. "Basi nitasema mimi. Ni baba yake. Nimeficha vya kutosha, nimechoka."

Sista hakungoja zaidi. Alichukua fomu ya njano, ile inayokwenda ustawi wa jamii. Kwenye sehemu ya mtuhumiwa palikuwa na visanduku vinne: baba, baba wa kambo, mjomba, jirani. Akatia alama kwenye cha kwanza, akapiga simu. Afisa alijibu kwamba anakuja na askari; baba atachukuliwa, mtoto atarudi nyumbani na mama yake. Sista alisikia raha ya mtu aliyetenda haki, na raha hiyo, tuseme ukweli, inalevya kuliko pombe.

"Umesikia?" alimwambia mtoto. "Usiogope tena. Leo mtarudi wewe na mama, wawili tu."

Chiriku akajikojolea. Mkojo ulitiririka juu ya mpira uliotandikwa kitandani hadi sakafuni.

"Jamani, aibu gani hii!" Mama Cherehani alicheka. Uso wake ulicheka kweli, lakini vidole vyake vilikuwa vimeubana mkono wa mtoto mpaka ukapauka. Sista aliviona vidole hivyo.

Nyumba ya fundi cherehani. Pasi huwaka kutwa. Na mwashi huondoka kabla hakujapambazuka.

Afisa hakuwa mbali. Sista akayalazimisha maneno yake yatoke kama ya kila siku. "Mama Cherehani, kabla sijasahau, Matroni anataka kupimwa sare mpya. Muwahi, mchana anasafiri."

"Na mtoto?"

"Kwani mimi ni chui? Nenda."

Mama Cherehani alisita. Kisha akauvua shingoni utepe wake wa kupimia, akainama, akamnong'oneza mtoto jambo sikioni, akatoka. Sista akafunga mlango kwa ufunguo na kupiga magoti kwenye mkojo.

"Amekwambia nini?"

 Koridoni watu walipita, na kila kishindo kilimgonga Sista kifuani.

"Nimekuuliza vibaya mara nne, mwanangu. Nisamehe. Niambie lolote, hata kama silo nililouliza."

Chiriku alimgeukia. "Mbona kila siku mnamtoa baba?"

Sista aligeuka, akautazama mlango.

"Baba akiwepo, mama hanichomi," mtoto alisema. "Amesema baba akichukuliwa, nitamjua."

Halafu yule chiriku wa zamani akarudi, maneno yakafuatana bila nukta: mlango ulivyofungwa kidole kikiwa ndani, birika, ngazi, na leo pasi, kwa sababu alikanyaga kitambaa cha mteja. Kila alilolitaja, Sista alilijua. Alikuwa ameliandika mwenyewe.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Matroni, amevimba kwa hasira, na nyuma yake Mama Cherehani. "Mimi nasafiri wapi, Sista?"

Sista alimvuta ndani peke yake, akamweleza kwa pumzi moja.

"Mama mzazi?" Matroni alishika kichwa. "Acha wazimu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi!"

"Na wa pasi? Huo anaujua mwana."

"Hata fomu haina mama. Utaandika wapi?"

Sista alikata ile alama ya kwanza. Pembeni mwa karatasi akachora kisanduku cha tano, kimepinda kwa sababu ya haraka, akaandika: mama.

"Utani gani huu?" Mama Cherehani alikuwa amechungulia mlangoni. Alicheka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka naye. "Sista, hiyo sare uliyovaa nimeshona mimi."

"Umeshona vizuri sana. Kaa kwenye benchi. Baba mtoto, ingia."

Mwashi aliingia, akasimama kando ya kitanda, hajui mikono yake aiweke wapi. Chiriku alimshika kidole.

"Ulijua?" Sista aliuliza kwa ukali.

"Nilijua kuna kitu. Mwaka jana nilikwenda kusema kwa wakubwa wa mtaa. Walicheka. Wakaniambia nenda kanyonyeshe." Alielekeza kidevu koridoni. "Na hapa kila nikija mnanitoa."

Sista aliinamisha kichwa. 

Afisa wa ustawi alifika na askari wake. Akaipokea fomu, akaisoma, akaisoma tena, akatazama kile kisanduku kilichopinda. "Hapa kuna makosa," alisema. "Nani amekosea?"

Sista alilifungua daftari la zamani, akamwonyesha zile ajali tatu, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wake mzuri.

"Mimi," alisema.