Kome Hawana Kosa

Fundi Baridi alitoka majini akiwatukana kome. Aliwatukana wao, mama zao na bahari iliyowazaa, bisibisi mkononi na damu vidoleni, maana magamba yanayoota chini ya boti hukata kuliko wembe. Alipanda ngazi, akatema maji ya chumvi, akaenda ubavuni kutazama kitundu ambacho maji ya kiyoyozi hutokea. Yalikuwa yanatoka vizuri tu, mkondo mnene usio na wasiwasi. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Lilimkasirisha kwa sababu kule chini hakukuta wa kumlaumu. Wavu wa kuvutia maji ulikuwa safi, alikuwa ameukwangua mwenyewe siku chache zilizopita, na alichopata leo ni vikome viwili vitatu vya ukubwa wa punje ya mahindi. Vikome vya namna hiyo haviwezi kumzuia mende, sembuse maji. Lakini muda mfupi uliopita kiyoyozi kilikuwa kimezimika na chumba kinafuka joto, na sasa kinanguruma kana kwamba hakijawahi kukosea. Mashine iliyokufa unaifungua ukaitengeneza. Mashine inayokufanyia kiburi namna hii inakutafutia kesi.

Watu wasiojua hudhani kiyoyozi cha boti ni kama cha sebuleni. Cha boti kinakunywa bahari. Maji yanaingia kwa tundu lililo chini kabisa, yanapita kwenye koki inayoyafunga na kuyafungua, halafu chujio, halafu pampu, yanazunguka mashine yakibeba joto lake, kisha yanatemwa nje ubavuni. Na popote maji ya bahari yanapopita, viumbe hawakawii kuja kupanga: mwani, kome, magamba, na vidudu vingine ambavyo hata waliosoma hawavijui majina. Ukiwaachia, njia inaziba kidogo kidogo, mashine inashikwa na homa, inajizima. Fundi Baridi alikula kwa jasho la vita hiyo. Gati nzima ilimsikia akiwagombeza wenye boti zao: fungueni chujio kila wiki, zungusheni dawa ya kuyeyusha magamba, msiache maji yalale kwenye bomba, yakilala yanazaa. Jina la Baridi alilipata kwa kazi, si kwa tabia, kwani alikuwa mtu wa kuchemka hata kabla jua halijatoka.

Kwa hiyo walipomwona anazamia chini ya boti yake mwenyewe, tena na tena ndani ya mwezi mmoja, hawakumwonea huruma.

"Mganga hajigangi!" alimpigia kelele jirani wa boti ya pili. "Nikuitie fundi?"

"Muite mama yako," alijibu Fundi Baridi, akaingia ndani kabla jirani hajapata la kusema.

Angeweza kucheka pamoja nao kama si Baba. Baba yake, aliyekuwa mkuu wa mitambo kwenye meli za mizigo hadi alipostaafu, aliishi naye humo botini tangu Mama afariki. Nchi kavu hakuitaka. Alisema inamuumiza magoti, na kitanda kisichotikisika kinamnyima usingizi. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba joto litammaliza. Chumba chake kidogo, chenye kitanda, redio na kidirisha cha mviringo, kilikalika kwa sababu ya kiyoyozi tu. Bila hicho, ilipofika mchana, mle ndani palikuwa tanuri.

Na kulikuwa na Dada. Dada mkubwa, nesi, mtu ambaye akiingia mahali hata viti vinakaa sawa. Alikuwa amekuja wiki iliyotangulia mchana wa jua kali akamkuta Baba amekaa kitandani na fulana imelowa chapachapa, midomo imekauka, anamwita yeye kwa jina la Mama. Dada alimpepea, akamnywesha maji, akampangusa shingo. Kisha akatoka nje akamkalia mdogo wake kooni.

"Unamuua Baba."

"Dada, nasafisha kila kitu. Chujio nasafisha, wavu nakwangua, pampu nimebadilisha mpya."

"Sijakuuliza habari za pampu. Wewe unatengeneza baridi ya watu wote hapa, baba yako anaiva kama kiazi. Ikitokea tena namchukua, na sitakuuliza."

"Hatakubali. Unamjua."

"Atakubali au atabebwa. Nimeshasema."

Tangu siku hiyo Fundi Baridi hakulala vizuri. Kumchukua Baba maana yake ni chumba cha nyuma katika nyumba ya Dada, ukuta mbele na ukuta nyuma. Baba angekwisha kabla mwaka haujaisha. Wote wawili walilijua hilo, ila Dada aliona afadhali akwishe polepole kitandani kuliko ghafla kwa joto. Naye Fundi Baridi hakuwa na mtu mwingine. Chai ya asubuhi aliinywa na Baba, ugomvi wa kuhusu injini aligombana na Baba, na akikosea Baba ndiye aliyemcheka. Wakimchukua, boti itabaki ya nini?

Akatafuta mchawi kila mahali. Alikwenda kwa muuza vipuri akampigia makelele mbele ya wateja kwamba pampu aliyouziwa ni feki. Alimshuku jirani kwamba anatupa mifuko ya plastiki majini. Alibadilisha mpira wote kutoka kwenye koki hadi kwenye pampu, akaupasua ule wa zamani kwa kisu, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta hata kome mmoja wa kumtia hatiani. Mpira ulikuwa mweupe ndani.

"Hasira hasara," Baba alimwambia kutoka kitandani, akitabasamu. "Mashine haitishwi, mwanangu. Mashine inasikilizwa."

"Naisikiliza, Baba. Inanitukana."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Siku hiyo alikuwa mzima kabisa, anakumbuka hadi sauti ya kila injini aliyowahi kuihudumia.

Mchana wake, baada ya kula, Fundi Baridi alijikunja kwenye kile chumba cha mitambo kilicho chini ya ngazi, ambacho mtu mzima huingia kwa kuomba radhi kwa mbavu zake. Alilala kifudifudi nyuma ya tangi, tochi mdomoni, akikaza kibano cha mwisho cha mpira ule mpya. Pampu ilikuwa inaimba vizuri. Ghafla ikabadilisha sauti. Ikaanza kulia, wembamba wembamba, kilio cha pampu inayozunguka bila maji.

Aligeuza shingo. Mbele ya ngazi, umbali wa mkono tu, aliona miguu ya Baba ndani ya kandambili. Kisha akaona mkono wa Baba juu ya mpini wa koki, unaukaza hadi mwisho, kwa utulivu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake jioni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi Baridi alitoka nyuma ya tangi akajigonga kichwa na hakuhisi.

"Baba! Unafanya nini?"

Baba alimtazama bila kushtuka. Yalikuwa macho makali, ya kazini, na hayakumjua.

"Nafunga. Meli imefunga gati, wewe unaacha koki ya bahari wazi? Unataka tuzame tukiwa tumelala?"

"Kiyoyozi kinafanya kazi, Baba! Pampu inaungua!"

"Nani kakuajiri wewe?" alisema Baba. "Zamu ikiisha, koki zinafungwa. Zamu ikianza, zinafunguliwa. Hata mtoto anajua."

Basi ndivyo. Kila alasiri Baba alifunga zamu, na kila alipoamka aliianza upya akafungua, na katikati yake mashine ilikosa maji, ikapata homa, ikajizima. Pampu ya kwanza ilikuwa imeungulia hapo. Siku zote hizo yeye alikuwa chini ya boti anapigana na kome.

Hasira iliyomshika haikuwa na adabu. Alipiga kelele ambayo hajawahi kumpigia baba yake tangu azaliwe. Alimwambia anajiua, anamuua na yeye, Dada anakuja kumchukua, watu wote wanamcheka, na yote ni kwa ajili ya mkono huo, mkono huo! Akakipiga kifuniko cha tangi kwa bisibisi. Alipoinua uso alimwona Baba amerudi nyuma hadi ukutani, kiganja mbele ya uso, kama mtu anayengoja kupigwa.

Fundi Baridi aliiweka bisibisi chini. Aibu ilimpanda, lakini hasira haikushuka. Zikakaa pamoja kifuani zikisukumana. Wakati huo harufu ya plastiki iliyoungua ikawafikia. Pampu mpya nayo ilikuwa imekwenda.

Baba alishusha mkono taratibu. Macho yake yalirudi, yakawa yale ya asubuhi.

"Mbona kelele, mwanangu?" aliuliza. "Kimeharibika tena?"

"Kimeharibika, Baba."

Alimrudisha chumbani, akafungua kidirisha, akampepea kwa kipande cha boksi. Joto lilipanda upesi kama maji jikoni. Alikuwa bado anapepea aliposikia mlango wa gari ukibamizwa pale gatini na viatu vya Dada vikija juu ya mbao. Alikuwa analeta dawa za moyo.

Dada alisimama mlangoni. Alinusa, akaona fulana iliyolowa, akaweka mfuko wa dawa chini.

"Nini tena?"

Hapo ndipo palipokuwa na neno lake la kujiokoa. Si mimi, Dada, ni yeye. Lilikuwa limefika kwenye meno. Mwezi mzima wa matusi, dhihaka na damu vidoleni, na neno moja lingemsafisha. Baba alikuwa amekaa kitandani anawatazama wote wawili kwa zamu, ametulia, mkuu wa mitambo anayengoja ripoti.

"Nilifunga koki nisafishe chujio," alisema Fundi Baridi. "Nikasahau kuifungua."

"Ukasahau?"

"Nilisahau."

"Na zile siku nyingine?"

"Nazo pia."

Dada alifungua mdomo amtukane. Baba ndiye aliyecheka, kicheko kikavu cha dharau.

"Kufunga koki na pampu inazunguka! Kosa hilo hata mpishi wa meli hafanyi." Alimtikisia kidole. "Nimekufundisha kwa mikono yangu, na bado mzembe. Mimi na wewe basi. Nipeni viatu vyangu."

Dada alishangaa. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na sasa mzee aliyeapa kwamba nchi kavu ataiendea kwenye jeneza alikuwa anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Alitembea juu ya mbao za gati bila kushikwa, kifua mbele, na majirani wote wakamsikia akitangaza kwamba hawezi kukaa na mtu asiyejua kutunza mashine. Jirani wa boti ya pili alipiga mluzi. Fundi Baridi alibeba begi nyuma yao, taya zimekaza hadi zinauma. Alimkasirikia jirani, alimkasirikia Dada, na zaidi ya wote alimkasirikia yule mzee mwenye kifua mbele, na angempa mtu yeyote boti nzima ili abaki.

Baba aliingia kwenye gari akafunga mlango. Fundi Baridi alitia begi nyuma. Dada alipita karibu naye bila kumtazama.

"Usiniambie kitu," alisema.

"Kimoja tu." Alisema kwa sauti ya chini, na ilitoka kwa ukali ambao hakuukusudia. "Nyumbani kwako, mtungi wa gesi. Utoe jikoni, uweke mahali asipoufikia. Na mabomba ya maji uyaangalie. Baada ya kula anafunga, akiamka anafungua. Wakati huo usimpigie kelele, hakujui."

Dada alisimama, mkono juu ya mlango wa gari. Alimtazama mdogo wake, vidole vyake vilivyojaa mikato, kisha boti, kisha kisogo cha Baba kwenye kioo. Fundi Baridi aliona jinsi alivyolielewa, hatua kwa hatua, kama nesi anavyosoma vipimo.

"Unasubiri nini?" Baba aliita kutoka ndani. "Achana na huyo. Si mzembe huyo?"

Dada aliingia kwenye gari. Alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Kweli, Baba," alisema. "Ni mzembe sana."